Mguu wa Bruda Gia

Kwanza niuseme ule mguu, maana bila mguu hakuna hadithi. Mguu wa kulia wa Bruda Gia haujatulia tangu nimfahamu. Kanisani unagonga. Mezani unagonga. Msomaji akisoma kwa sauti nasi tukila kimya, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, chini ya meza kisigino kinapiga sakafu mfululizo, kama mtu anayekanyaga mafuta kwenye lori ambalo halipo. Watu wa nje hudhani mtawa hushindwa na usingizi wa alfajiri au na njaa ya mfungo. Thubutu! Mtawa hushindwa na jirani yake.

Na jirani huchagui. Katika monasteri yetu kila mtu ana nafasi yake, na nafasi hutokana na saa aliyoingia getini. Aliyekutangulia kuingia ndiye mkubwa wako, hata kama umri wako ni wa kumzaa. Atakuwa mbele yako kwenye maandamano, mbele yako kwenye foleni ya kunawa mikono, na kwenye viti vya kwaya atakaa kando yako, bega kwa bega, kila sala ya kila siku, mpaka mmoja wenu azikwe. Ndoa ina nafuu. Mume na mke angalau walichaguana.

Mimi na Gia tuliingia siku moja, na kwa haki ya Mungu mimi ndiye niliyefika kwanza. Nilitoka barabarani kwa miguu, mvua ilikuwa imenyesha, viatu vimejaa tope. Nikafika getini, nikaiona kamba ya kengele, nikajiambia siwezi kukanyaga nyumba ya Mungu na viatu vile. Nikasogea pembeni, nikang'oa majani, nikaanza kufuta. Mimi ni fundi cherehani, nimelelewa na mama fundi cherehani, na kwetu uchafu ni dhambi iliyokosa kuandikwa tu. Bado nimeinama, akanipita mtu mwenye mfuko wa nailoni, mwendo wa anayefukuzwa na mbwa, tope hadi magotini. Akaivuta kamba. Bawabu akafungua. Mtu yule akaingia, nami nikafuata nyuma na viatu vinang'aa, mdogo wake mpaka kufa.

"Ulikuwa unafanya nini pale?" aliniuliza tulipokaa kusubiri kupokewa.

"Nafuta viatu."

Akacheka mpaka bawabu akamtazama. Jina la Sindano alinipa siku hiyohiyo, aliposikia kazi yangu. Mimi nikamwita Gia, na wenzetu wakadakia.

Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, kiguu na njia kwelikweli. Alianza akiwa utingo, analala juu ya shehena, mpaka akakabidhiwa usukani, na tangu hapo hakulala kitanda kimoja wiki nzima. Alijua mizani zote, mipaka yote, na mama lishe wote wa njia kuu kwa tabia zao. Mke hakuwa naye. Alinieleza kwamba aliposa mara moja, akaenda safari, safari ikazaa safari, na aliporudi binti alikuwa na mtoto anayetembea.

Mara ya kwanza, kabla ya siku ile ya getini, kwetu alikuja kuleta saruji ya ukumbi wa wageni. Lori likazama kwenye tope mbele ya kanisa, na mvua haikukoma. Akapewa chumba. Baadaye alinisimulia kuwa usiku ule ulikuwa wa kwanza, tangu utotoni, kulala bila kusikia injini kichwani. Lori likanasuliwa, akaondoka, akafika alikokwenda, akashusha mzigo uliobaki. Kisha akamkabidhi tajiri wake funguo na kusema anarudi kulala. Tajiri alidhani amerukwa na akili.

Kulala alilala. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Mlezi wetu wa wanovisi, yaani sisi watawa wapya, mzee mpole mwenye subira ya kutisha, alimpanga jikoni. Gia akaondoa maharage motoni kabla hayajaiva, kwa sababu alichoka kuyangoja. Akapelekwa kwenye chumba cha kuoka hostia, mikate ya komunyo, ambako uji mwepesi wa unga humiminwa juu ya chuma cha moto, ukafunikwa, ukangojewa. Alikuwa anafunua kila mara kuchungulia. Kwa muda mrefu sana tulikula hostia zilizochanika. Akapelekwa bustanini, naye akalima kwa kasi hadi akatoka nje ya shamba letu na kumlimia jirani matuta mazima. Jirani alishukuru, akaomba arudi tena.

"Mwanangu," Mlezi alimwambia mbele yetu sote, "haraka haraka haina baraka."

"Ndiyo, Baba," Gia akajibu. "Lakini ngoja ngoja yaumiza matumbo."

Akapigishwa magoti kwa utovu wa nidhamu. Hata pale sakafuni vidole vya mguu vilikuwa vinacheza.

Jioni alizunguka ukuta. Watawa wengine hutembea wakitafakari, taratibu, rozari mkononi. Yeye alitembea kama mtu aliyeacha kitu kwenye jiko, akifuata ukuta wa monasteri kutoka getini, nyuma ya zizi, kando ya kisima, hadi getini tena. Pale getini alisimama, akaangalia barabara, kisha akaanza upya. Njia aliyoikanyaga ilibaki kipara, hata nyasi zilikata tamaa.

Lakini lililonitoa roho ni kituo. Zaburi zetu huimbwa kwa pande mbili, na katikati ya kila mstari kuna kituo: wote tunanyamaza, pumzi moja ndefu, ndipo tunaendelea pamoja. Huo ukimya ndio tunaojivunia. Wageni hutoka mbali kuja kuusikia. Basi sisi tunanyamaza, kanisa zima limetulia tuli, na ghafla sauti moja nene inaruka, peke yake, kabla ya wote. Kisha inagundua, inameza neno, na kikohozi kinafuata. Kila siku! Nilimkanyaga mguu. Nilimbana kwa kiwiko. Nilimwambia wazi, nje, kwamba ananiaibisha, maana anayekaa karibu na mkosaji huonekana mkosaji.

"Pole, mdogo wangu," alinijibu. "Ule ukimya ukianza, mimi naona kama breki zimekatika."

Mimi ni mtu wa hasira ndogondogo, sifichi. Nilimwomba Mungu amtoe. Sikutumia maneno hayo, nilisema amwonyeshe njia yake, lakini Mungu si mtoto.

Miaka ikaenda. Tuliweka nadhiri za muda pamoja, yeye kwanza, mimi nyuma. Zikabaki nadhiri za daima, na mojawapo ni ile inayomtisha kila mwenye akili: kuahidi kukaa katika nyumba hii, na watu hawa, hadi kufa. Baba Abate, mkuu wa nyumba yetu, alitutangazia siku. Mimi nilifurahi. Gia aliondoka pale akaenda kuzunguka ukuta, na ilikuwa saa ya chakula.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana nyumba nyingine hawana. Siku ya nadhiri za daima, mlango mkubwa wa kanisa huachwa wazi. Kando ya mlango kinawekwa kiti, na juu ya kiti nguo ulizokuja nazo siku ya kwanza, zimefuliwa na kupigwa pasi. Abate anakuuliza, "Unaomba nini?" Halafu kinafuata kituo. Hakuna anayekuangalia, hakuna anayekohoa, na unaweza kukaa kimya kadiri unavyotaka. Ukitaka kubaki, unajibu. Ukitaka kuondoka, unainama mbele ya altare, unachukua nguo zako, unatoka, na hakuna atakayekunenea vibaya. Mtu yeyote akiuvunja ukimya ule, swali linaulizwa upya toka mwanzo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kusukumwa, si ndani wala nje.

Wala si maigizo. Bruda mmoja, mfuga nyuki, aliondoka hivyohivyo, mchana kweupe, nasi tukabaki na karamu aliyopikiwa. Tuliila. Sasa ana watoto, hutuletea asali, na hukaa benchi la nyuma akiimba zaburi vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo mtu asiyeweza kungoja nusu ya mstari alitakiwa angoje kituo kikubwa kuliko vyote, na mlango uko wazi.

Wiki chache kabla, dada yake mkubwa alimtembelea. Ni mwanamke wa sauti, na chumba cha wageni kimepakana na chumba changu cha ushonaji. Sikutega sikio. Halikuhitaji kutegwa.

"Wewe?" alikuwa anasema. "Wewe hujawahi hata kumaliza chai ukiwa umekaa. Leo unataka kumwapia Mungu kwamba utakaa? Mungu mwenyewe atacheka."

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi. Tajiri wako kaja nyumbani. Kanunua lori jipya, viti bado vina nailoni. Kasema halikabidhi kwa mtu mwingine mpaka asikie neno lako. Mimi sikwambii utoke. Nakwambia usimdanganye Mungu, halafu uje kutukimbilia huku uzeeni na aibu juu."

Kisha nikasikia kisigino sakafuni.

Kesho yake alikuja kwangu kupimwa joho. Siku ya nadhiri za daima mtawa huvishwa joho kubwa la kwaya, lenye mikono mipana, na majoho yote ya nyumba hii hutoka kwenye cherehani yangu. Nikamsimamisha juu ya kibao.

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Umesimama kwa mguu mmoja. Huo mwingine uko safarini."

Hakucheka. Nikajua mambo si mchezo.

"Sindano," akasema, "wewe hujawahi kutamani kutoka?"

"Kwenda wapi?"

"Popote. Kwenda tu."

"Sijawahi." Na ilikuwa kweli. Mimi nilikuja hapa kutafuta mahali pa kukaa, nikapata, nikakaa.

"Mimi natoka kila asubuhi," akasema. "Tukianza masifu tu, nawasha gari. Zaburi ya pili nishafika mpakani. Nashusha, napakia, nageuza."

"Na unarudi lini?"

"Wakati wa chai." Akautazama mguu wake. "Sasa nikisema nitakaa, nani atakuwa anasema? Huu mguu haujakubali."

"Mguu hauapi. Anaapa mwenye mguu."

"Ndiyo unavyosema wewe! Mguu wako unapiga kutwa nzima hapo kwenye cherehani na hakuna anayekukaripia, kwa sababu unatoa suruali."

Nikamwambia anyamaze nimpime mabega. Nilikasirika. Vipimo nilirudia, maana vya kwanza vilikosewa, na si kwa kutikisika kwake.

Nilipoishiwa uzi mweusi nikaomba uletwe kutoka mjini, na kwa kuwa leseni ilikuwa yake, akapewa pikapu. Alitakiwa kurudi kabla ya sala ya alasiri. Kengele ikalia, tukaingia, kiti chake kitupu. Tukaimba zaburi ya kwanza. Kituo kilikuwa kizuri ajabu, safi, hakuna aliyeruka. Nilikaa ndani ya ukimya ule niliouomba kwa miaka. Niliangalia pale alipozoea kuweka mguu. Sakafu ilikuwa imechubuka, kiduara chenye ukubwa wa kisigino. Mwisho wa zaburi ya pili akaingia, akasimama katikati ya kanisa, mahali pa wachelewaji, kifurushi cha uzi mkononi, anatoka jasho. Nilimshukuru Mungu kisha nikamkasirikia, vyote kwa pumzi moja.

"Nilikwenda kuliona," aliniambia baadaye, akinikabidhi uzi. "Lori. Nikapanda. Nikawasha."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima. Halafu nikawasha tena." Akafikicha macho. "Sijui, Sindano. Nikikwambia najua, nitakuwa mwongo."

Ndipo nilipozitoa nguo zake stoo, maana mtunza nguo pia ni mimi. Suruali ya kaki, shati la mistari. Nilizifua mara mbili na bado zilinuka dizeli. Shati lilikosa kifungo kimoja. Nililiangalia sana lile shati. Kumwachia bila kifungo kungekuwa kumwombea abaki, na kukishona kungekuwa kumfungulia mlango. Nikakishona, kwa uzi uleule alioleta, nikauzungusha chini ya kifungo ili kisikatike njiani. Mtu hatoki nyumbani kwetu na shati lisilofungika. Nikapiga pasi, nikalia kidogo, mvuke ulikuwa mwingi.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na jua kali na barabara yote. Viti vilikuwa viwili, chake na changu, kwenye changu suruali yangu nyeusi na vile viatu. Dada yake alikaa mstari wa kwanza, amekunja mikono. Mkubwa hutangulia, kwa hiyo alisimama Gia mbele ya Baba Abate, nami hatua moja nyuma yake.

"Ndugu, unaomba nini?"

Kituo kikaanza. Nilijiambia ataruka, kama kawaida yake. Nilitamani aruke! Kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba Mungu yule mtu avunje kituo. Hakuruka. Mtu ambaye hajawahi kungoja chochote alisimama akangoja. Nikasema Baba Yetu moyoni, taratibu, hadi mwisho. Nikaisema tena. Nikautazama mguu wake wa kulia, na hapo ndipo roho iliniruka, kwa sababu ulikuwa umetulia. Haujatulia miaka yote ile, leo umetulia. Nikasema basi, amekwisha kukata shauri, mwili wake umeshajua. Akageuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni. Bega lake likasogea.

"Usiende!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilipanda hadi kwenye paa ikarudi. Mimi, niliyemkanyaga, niliyembana kwa kiwiko, mimi mpenda ukimya! Wazee wote wa kwaya walinigeukia. Mlezi alifumba macho. Dada yake akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya sokoni. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na viatu vyangu.

Gia aligeuka mzima akaniangalia. Sijui alikuwa anaelekea wapi kabla ya hapo. Sijawahi kumuuliza na yeye hajawahi kusema. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, na macho yamejaa maji.

Baba Abate alingoja kanisa litulie. Hakunikaripia. Alipangusa paji la uso, akaanza upya kama inavyotakiwa.

"Ndugu, unaomba n—"

"Kubaki," akasema Gia. "Naomba kubaki, Baba. Na hawa hawa."

Maneno yaliyopangwa ni marefu zaidi na mazuri zaidi. Baba Abate alifikiri kidogo, akayapokea hayo.

Kisha akanigeukia mimi. Gia alisogea pembeni, nikapanda hatua moja. Jibu langu nilikuwa nalo tangu siku ya getini, nimelikunja vizuri mahali pake. "Ndugu, unaomba nini?" Kituo kikaanza, nikafungua mdomo, na hakukuwa na kitu. Niliuona mlango. Sikuwahi kuuona hivyo. Niliona barabara inavyopinda baada ya geti, nikajikuta sijui inakokwenda, na kwamba sijawahi kuuliza. Niliviona viatu vyangu kwenye kiti, bado vinang'aa, havijaenda popote. Na katikati ya ukimya ule nikasikia mguu unagonga sakafu.

Nikapandwa na hasira, nikashukuru kwa hiyo hasira. Hata leo, nikasema, hata leo huyu mtu! Nikatazama chini nimkanyage. Mguu wa Gia ulikuwa umetulia kabisa. Uliokuwa ukigonga ulikuwa wangu.

Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Hakuna aliyekohoa. Gia hakunisukuma, hakusema neno, aliniachia mlango wangu wote. Nikauacha mguu ugonge. Nikajibu hivyohivyo, huku ukigonga.

Baada ya hapo wanaoweka nadhiri hulala kifudifudi sakafuni, nyuso kwenye mikeka, huku kanisa likiwaimbia watakatifu wote wawaombee. Tulilala, yeye kulia na mimi kushoto, majoho mapya yamekunjwa kando yakitungoja. Litania ni ndefu. Watu walikuwa wameshafika kwenye majina ya mashahidi wa imani, nilipoona uso wake unageuka kidogo kwangu.

"Sindano," akanong'ona, "mbona ulichelewa? Ulikuwa unafuta viatu?"

Nilimkanyaga, nikiwa nimelala vilevile. Mguu wake ulikuwa umeanza tena.